Matango ya Porini Katika Sufuria ya Kanisa



Najua umezoea neno langu la asubuhi liwe fupi, ulisome ukingojea matatu ijae. Leo ni refu. Liweke ulisome jioni ukipenda, lakini usiliruke, hasa wewe uliye kwenye kile kikundi chetu cha afya cha WhatsApp.

Somo ni 2 Wafalme 4, mstari wa 38 hadi 41. Fungua mwenyewe, mimi nitakusimulia kwa maneno yangu. Kulikuwa na njaa Gilgali. Elisha akaagiza sufuria kubwa iwekwe motoni, wana wa manabii wapate kula. Mmoja wao akatoka kwenda kutafuta mboga, akakuta mmea unaotambaa porini una matango, akajaza nguo yake, akarudi, akayakatakata, akayatia. Hakuna aliyemwuliza haya ni nini. Wakapakua. Wakaanza kula. Ndipo wakapiga kelele.

Angalia sana. Yule mtu hakuwa mchawi, wala hakutumwa na adui. Alikuwa ndugu, mwana wa manabii, mwenye njaa kama wenzake, na alitaka kusaidia. Kosa lake ni kwamba alitia kitu asichokijua katika sufuria ya watu wote.

Sasa nakuja kwetu.

Kikundi kile kilipoanza nilikisifu madhabahuni. Wamama wa Kitengela na wa Namanga wakitumiana picha za sahani za mboga, wazee wakihesabu hatua, vijana wakienda jimu badala ya kukaa kwenye baa za barabarani. Nilisema ni kazi ya Roho, na bado naamini hivyo. Kisha mtu akaleta chupa.

Na hapa lazima niseme yangu kwanza. Jumapili moja baada ya matangazo nilimpa ndugu mmoja dakika tano ashuhudie. Akasema analala kama mtoto, magoti hayamsumbui tena, kitambi kimekwisha, na umri wake ni miaka 54. Akainua kachupa kadogo kenye unga mweupe. Mkapiga makofi. Na mimi, mchungaji wenu, kipaza sauti kikiwa mkononi, nikasema: Amina!

Amina ile ndiyo inayoninyima usingizi. Kufikia Jumatatu jioni kikundi kilikuwa kimejaa maswali ya bei. Chupa moja shilingi 8,000, sindano unanunua mwenyewe kwenye kemisti, tuma M-Pesa kwa namba hii. Waliponunua, hawakununua kutoka kwa yule ndugu. Walinunua kutoka kwa Amina yangu.

Wiki chache baadaye mama mmoja alikuja ofisini kuombewa. Ni mgonjwa wa sukari wa miaka mingi. Vidole vya mikono yake vilikuwa vimekufa ganzi, miguu imevimba, na mashine yake ya sukari nyumbani ilikuwa imesoma 19. Kliniki hakuwa amewaambia chochote kuhusu sindano. Nilipomwuliza kwa nini, akanitazama kama mtu anayeshangaa swali lenyewe: "Pastor, si wewe ulisema Amina?"

Tulimpeleka hospitalini siku hiyohiyo, na anaendelea vizuri, utukufu kwa Mungu. Daktari hakuniambia kwamba ni ile sindano iliyomfanya hivyo. Aliniambia jambo lililonitisha zaidi: kwamba hawezi kujua, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa.

Mama akanipa chupa yake. Nikavaa miwani nikasoma. Jina: CJC-1295 na ipamorelini. Chini yake, kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo sana, imeandikwa kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Soma sentensi hiyo tena, mpendwa. Aliyeitengeneza mwenyewe anakuambia usiitumie. Anajikinga na mahakama kwa maneno hayo, halafu anakuuzia kwa mlango wa nyuma. Na sisi tunaikuta imeandikwa hivyo, tunaiombea, tunajidunga tumboni.

Wewe ni mfugaji. Ukiingia duka la dawa za mifugo pale Bissil ukapewa chupa isiyosema dozi kwa uzito, isiyosema maziwa yasinywewe siku ngapi, isiyo na tarehe ya kuisha, utairudisha kwa hasira. Ukipewa iliyoandikwa "si kwa ng'ombe", utamwita muuzaji mwizi mbele ya watu. Na mtu wa chanjo akija bomani, unaangalia kama amebeba sanduku la barafu. Lakini dawa iliyosafiri kwenye basi juani, katika mfuko wa plastiki, unamdunga mama wa watoto wako. Ng'ombe ana mtetezi. Mwili ambao Paulo aliwaambia Wakorintho ni hekalu hauna.

Hebu sasa nikueleze hiki kitu ni nini. Nimewauliza wauguzi wa kanisa letu na mfamasia mmoja muumini.

Chini ya ubongo wako kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Tezi hiyo hutoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, hasa usiku ukiwa usingizini. Mtoto hurefuka kwayo. Mtu mzima huitumia kutunza misuli, mifupa na mafuta ya mwili. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini hutoa kichocheo kingine kinachoitwa IGF-1, ambacho huziambia seli zikue na kugawanyika. Kadiri miaka inavyosonga, kiasi hupungua.

Hizo peptidi mnazouziana si homoni yenyewe. Kazi yake ni kuigongea tezi mlango ili iitoe kwa wingi. CJC-1295 inaiga amri inayotoka kwenye ubongo. Ipamorelini, pamoja na zile zinazoitwa GHRP-2 na GHRP-6, zinaiga homoni ya njaa inayotoka tumboni. Ndiyo maana muuzaji anakuambia, "Hakuna hatari, ni tezi yako mwenyewe inafanya kazi." Punda pia ni wako mwenyewe. Mchape usiku kucha abebe maji bila kupumzika, atakufa akiwa bado wako.

Homoni ya ukuaji ikizidi mwilini inapingana na insulini, sukari inapanda. Mwili unashika maji, miguu inavimba, mishipa ya fahamu kwenye kifundo cha mkono inabanwa, vidole vinakufa ganzi. Umekumbuka yule mama? Na kichocheo kile cha IGF-1 hakichagui seli ya kuikuza. Kama ndani yako kuna saratani changa ambayo hujui unayo, hofu ya madaktari ni kwamba unaipa mbolea. Hofu hiyo haijapata jibu, kwa sababu hakuna utafiti uliowafuatilia watu wazima wenye afya kwa miaka mingi wakijidunga mchanganyiko huu. Nyinyi ndio utafiti, na hakuna anayeandika matokeo.

Kuna na vidonge, MK-677, vinavyouzwa kwa ahadi ileile kwa wale wanaoogopa sindano. Vilipojaribiwa kwa wazee waliovunjika nyonga, utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu baadhi yao walionyesha dalili za moyo kushindwa kufanya kazi. Hilo limeandikwa na wanasayansi, si na mchungaji wa Namanga. Je, muuzaji wako alikuambia? Mimi hakuniambia.

Najua majibu yenu. Nimeyasoma yote kwenye kikundi, mengine usiku wa manane.

Mmesema peptidi ni kitu cha asili, ni vipande vya protini tu. Kweli. Insulini ambayo yule mama anajidunga ni peptidi pia, na ni ya asili, na inamweka hai; lakini dozi ikikosewa inaweza kuua usiku mmoja. Na sisi tunaoishi na nyoka huku Kajiado tujue kwamba ndani ya sumu ya nyoka mna peptidi vilevile. Asili hakuna anayeipinga. Maswali ni kiasi gani, safi kiasi gani, na kwa mwili upi.

Mmesema Marekani watu wanatumia. Wanatumia, ndiyo, na wengine wanajuta. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijawahi kuidhinisha ipamorelini wala CJC-1295 kuwa dawa. Mwaka 2023 iliziweka, pamoja na BPC-157 mnayoisifia kwa magoti, kwenye orodha ya vitu vinavyotia wasiwasi wa usalama vikichanganywa na maduka ya dawa. Sitaki kuwadanganya kwa kuficha upande wa pili: iko dawa ya jamaa hii iliyoidhinishwa huko mwaka 2010, inaitwa tesamorelini, kwa watu wenye virusi vya UKIMWI wanaopata mafuta mengi tumboni. Na homoni ya ukuaji yenyewe hupewa watoto ambao tezi zao hazifanyi kazi. Lakini hizo zina daktari, zina kipimo cha damu, zina kiwanda kinachojulikana, na kuna mtu wa kushtakiwa zikikuharibu. Kwenye kikundi chetu utamshtaki nani? Namba ya M-Pesa?

Mmesema madaktari pia hukosea. Hapo ninakubali, na nitawapa mfano mkubwa kuliko wenu. Zamani homoni ya ukuaji ilikuwa ikitolewa kwenye tezi za maiti. Watoto wafupi walidungwa hospitalini, kwa nia njema, na watu wenye vyeti. Mwaka 1985 Marekani ilisitisha, baada ya vijana waliotibiwa hivyo kufa kwa ugonjwa unaoharibu ubongo, Creutzfeldt-Jakob, ambao ulikuwa umekaa ndani yao miaka mingi kimya. Za leo hutengenezwa maabara. Sisemi utapata ugonjwa huo. Nasema madhara yalikuja baada ya miaka, na yaligunduliwa kwa sababu kulikuwa na kumbukumbu za nani alidungwa nini na lini. Sisi tuna kumbukumbu gani? Ujumbe unaojifuta baada ya siku saba.

Na wengine, hawa ndio wanaonikasirisha hasa, mmeniletea Marko 16, kwamba waaminio wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Ndugu yangu, shetani naye alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu akamnukulia Zaburi. Bwana hakuruka. Hakukosa imani; alikataa kumjaribu Baba yake. Imani ya kuruka kinara ili kuona kama malaika watakudaka haikufundishwa katika kanisa hili.

Sasa tuje kwenye shuhuda, maana hapo ndipo sisi Wapentekoste tunaposhikwa.

Napenda shuhuda. Nimeokoka kwa kusikia shuhuda. Lakini hebu fikiria jinsi shuhuda inavyofika madhabahuni. Aliyepona anasimama. Ambaye hakuona tofauti yoyote anakaa kimya, anaona aibu kwa pesa zake. Aliyezidiwa yuko kitandani, hashiki kipaza sauti. Kwa hiyo tukihesabu waliosimama tu, kila kitu duniani kinaponya. Shuhuda inamtukuza Mungu kwa alichokitenda. Haikuwekwa iwe kipimo cha dawa, na aliyeigeuza kuwa tangazo la biashara ameiba kitu madhabahuni.

Barabara yetu hii inakumbuka. Mwaka 2011 magari kutoka Kenya yalipita hapa Namanga usiku na mchana kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, Babu. Kikombe kimoja shilingi 500 za Tanzania. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni. Sitamhukumu mzee yule; alifariki mwaka 2021 na Bwana anamjua. Bei yake haikuwa ya tamaa. Lakini wapo wenye virusi waliorudi wakiwa na shuhuda midomoni na kuacha dawa zao, na baadaye tukawazika watu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema wakati ule, "Tusipinge kazi ya Mungu." Nimesema hivyo mara mbili sasa katika maisha yangu. Sitaki ya tatu.

Na baada ya Shakahola, mwaka 2023, ambako miili ya zaidi ya watu 400 ilifukuliwa, mchungaji wa Kenya anayefungua mdomo juu ya mwili na tiba anapaswa kutetemeka kidogo. Watu wetu wanatuamini kupita kiasi. Hilo ni jambo la kuogopesha, wala si la kujivunia.

Kwa hiyo nasema kwa muuzaji, ndugu yangu, na najua unasoma. Sikuiti mchawi. Naamini uliona nafuu na ukataka wengine waone. Lakini uliponiambia juzi kwamba huwezi kuacha kwa sababu umeshalipia mzigo mwingine, hapo uliacha kuwa yule mwana wa nabii aliyechuma bila kujua. Sasa unajua. Gehazi naye alijua alichokuwa akikimbilia nyuma ya gari la Naamani.

Kwa vijana wanaokimbia, wale wa Ngong na nyinyi mnaofanya mazoezi alfajiri kwenye barabara ya Longido: vitu hivi vyote viko kwenye orodha ya marufuku ya WADA, ndani na nje ya mashindano, kundi moja na ile EPO iliyomwondoa bingwa wa Boston na Chicago, Rita Jeptoo, mwaka 2014. Kusema "nilipewa kanisani" hakutakusaidia mbele ya ADAK. Kama umeshatumia, njoo tuongee kabla hujajiandikisha mbio nyingine.

Na kuna jambo lililonifikia ambalo sikutaka kuliandika hapa, lakini nimesikia kutoka kwa watu wawili. Kwamba kuna wanaogawana chupa moja, mume na mke na jirani, na sindano ni ileile "kwa sababu tunajuana". Wapendwa! Sisi tunaishi mji wa mpakani. Tumezika watu wa UKIMWI tangu malori yaanze kulala hapa. Hepatitisi B nayo hupita kwenye tundu la sindano, na haimwulizi mtu kama ameokoka. Kama uligawana sindano, nenda upimwe wiki hii, wewe na mwenzio. Sihitaji kujua jina lako.

Mmoja wenu, mzee ninayemheshimu, ameniandikia kwamba haya si eneo la mchungaji, niwaachie wenye taaluma. Mzee wangu, ningewaachia kwa furaha kama biashara ingefanyika kwa wenye taaluma. Imefanyika baada ya matangazo, kati ya sadaka na baraka za kufunga. Elisha hakuwa mpishi, lakini sufuria aliiagiza yeye.

Na ona kilichowaokoa wale watu Gilgali. Kabla ya unga wa Elisha, kulikuwa na kelele. Mtu alionja, akatambua, akapaza sauti mbele ya wenzake, bila kujali kwamba mpishi angeaibika na nabii alikuwa ameketi pale. Kwenye kikundi chetu wapo walioonja. Nawajua watatu. Mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, mwenye miguu iliyovimba, na mmoja ambaye mahali pa sindano pamefanya usaha. Wote wameniandikia faraghani, na wote wamemalizia kwa maneno yaleyale: "Lakini Pastor usiseme ni mimi." Sitasema. Ila waliobaki bado wanapakua.

Basi hivi ndivyo tutakavyofanya. Jumapili hii katika ibada zote mbili nitasimama palepale niliposema Amina na kuiondoa. Hakuna dawa, kirutubisho wala chupa ya aina yoyote itakayouzwa tena ndani ya ua la kanisa, ikiwemo ile chai ya majani ya mke wangu, na ameshakubali, ingawa si kwa furaha. Kikundi cha afya kinaendelea. Mboga, hatua na maombi ya alfajiri vibaki. Wauguzi wetu wawili watakuwa kwenye chumba cha Sunday School kuanzia saa saba mchana kupima sukari na presha, bure, na kuwaandikia barua wale wanaohitaji kwenda hospitali ya rufaa ya Kajiado.

Mgonjwa wa sukari au presha asiache dawa zake za kliniki kwa sababu ya chapisho hili. Mwambie daktari ukweli wote kuhusu ulichojidunga, hata kama ni aibu. Akikukemea, vumilia.

Ukiwa na chupa nyumbani, ije nayo hata kama imebaki nusu. Usiimwage. Mfamasia wetu atazipeleka kwa Bodi ya Famasia na Sumu pamoja na maelezo ya madhara, bila majina yenu. Aliyenunua kwa deni na hana pa kurudisha, anione. Tutaongea na muuzaji tukiwa watatu.

Sindano zilizotumika msizitupe jalalani, watoto na mbuzi wanachakura pale. Zitieni kwenye chupa ngumu ya plastiki, mfunge kifuniko, mlete. Ofisi iko wazi kuanzia Jumanne saa nne asubuhi, na mlango wa nyuma hautafungwa, kwa wale wasiotaka kuonekana.

Mchungaji wenu,
Namanga